Boneti ya Kapteni

Kila Jumamosi, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, gari la Kapteni lilisikika kabla halijaonekana. Lilikuwa na mngurumo wake wa chini, kama mtu mnene anayesafisha koo kabla ya kuhutubia. Wafanyakazi wote wa yadi ile ya kuosha na kutunza magari waliujua, na yeyote aliyekuwa karibu na bomba alisema bila hata kugeuka, "Mama Pamba, mgeni wako huyo."

Mama Pamba hakukurupuka. Alimaliza alichokuwa anafanya, akakausha mikono, kisha akasogea chini ya paa la bati, mahali ambapo gari lile lilizoea kusimama. Lilikuwa gari la mbio, la milango miwili, buluu iliyokolea kama wino, na lilikaa chini kiasi kwamba Kapteni akitaka kutoka ilibidi ajivute kwa mikono kama anayepanda kutoka shimoni. Alikuwa rubani wa ndege kwa miaka thelathini na kitu. Alipostaafu, watu walidhani angefuga kuku. Akanunua gari hilo, akaanzisha klabu na wastaafu wenzake, na kila Jumamosi alfajiri walipanda barabara ya mlimani yenye kona nyingi, kila mmoja na gari lake, wakikimbizana kama watoto waliotoroka shule.

Akishuka tu, Mama Pamba aliweka kiganja hewani, karibu kabisa na boneti, bila kuigusa. "Bado," alisema. Na hapo hakuna ambaye angemharakisha, si Kapteni, si bosi. Rangi yenye moto haipigwi maji. Sabuni hukaukia juu yake na kuacha madoa, na breki zikimwagiwa maji ya baridi zikiwa bado zinawaka, chuma hujipinda. Nusu saa kivulini, basi. Nusu saa hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote, kwa sababu ndipo alipolizunguka gari polepole na kulisoma.

Wadudu wadogo weusi kwenye bampa, maana yake walirudi kwa njia ya mtoni. Panzi na nyuki, wamepita mashambani. Vitone vya lami nyuma ya matairi ya mbele vilimwambia kwamba kuna kipande cha barabara kilichotiwa viraka wiki hiyo. Chembe za mpira zilizogandia juu ya matairi ya nyuma zilisema kona zilikatwa kwa kasi, na unga wa kahawia kwenye rimu ulisema mteremko ulishukwa mguu ukiwa kwenye breki.

"Leo umelikimbiza, Kapteni."

"Kidogo tu, mama."

"Kidogo hakifikishi lami kwenye kishikio cha mlango."

Kapteni alicheka hadi akashika kiuno. "Huyu mama," aliwaambia waliokuwa karibu, "angekuwa askari wa barabarani tungeshafungwa wote."

Mama Pamba alifika kwenye yadi ile miaka ishirini na moja iliyopita, akiwa na miaka thelathini na moja, kufagia na kuchemsha chai. Aliyekuwa bosi wakati huo, baba wa bosi wa sasa, alimkuta siku moja amekaa na rundo la vitambaa vya kufutia magari, anavichambua kimoja kimoja. Vyenye mishono migumu pembeni aliviweka kando, vilivyoangukia chini hata mara moja akavitupa kwenye ndoo ya vitambaa vya matairi. Mzee akamuuliza nani amemtuma. Akajibu kwamba hakutumwa, ila ameona kitambaa kimoja kimekwaruza mlango mweusi na mwenye gari hajagundua, akaona aibu kwa niaba ya yadi nzima. "Mkono wa huyu ni pamba," mzee alisema, na wiki iliyofuata chai ilichemshwa na mtu mwingine. Jina likabaki.

Mengine alijifunza kwa kutazama. Kwamba unaanza juu na kushuka, kwa sababu uchafu mbaya zaidi uko chini. Kwamba ndoo ni mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia glavu ya manyoya, na kila ndoo ina wavu kitakoni ili mchanga uzame na usirudi mkononi. Kwamba wadudu waliokauka hawasuguliwi; wanafunikwa kwa kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu, wanasubiriwa walainike kama maharage. Na zaidi ya yote alijua kwamba juu ya rangi kuna vanishi, nyembamba kuliko ukurasa wa daftari, na kila ukipiga polishi kuondoa mkwaruzo unaondoa na vanishi kidogo. Haiongezeki tena. Kwa hiyo fundi hasa ni yule anayeosha vizuri kiasi cha kutohitaji polishi.

Miaka hiyo ishirini na moja ilimwachia magoti mabovu. Sakafu ya yadi ilikuwa saruji, maji yakitiririka mchana kutwa, na kazi ya matairi na sehemu za chini hufanywa umechuchumaa. Mumewe, fundi cherehani aliyekuwa akishonea nyumbani, alimtengenezea mito miwili ya kufunga magotini kwa mkanda. Redio, kijana wa miaka thelathini na mitano aliyeosha matairi na ambaye jina lake lilitokana na mdomo usiozimwa, alimwita golikipa tangu siku hiyo.

"Golikipa wangu, leo tunacheza na nani?"

"Na ndoo yako hiyo chafu. Kasuuze."

Mwaka huo bosi alijenga chumba cha taa. Kuta nyeupe, sakafu kavu yenye vigae, milango isiyopitisha vumbi, na dari yote imejaa taa ndefu zinazomulika rangi hadi ionyeshe kila kitu. Humo magari ya watu kama Kapteni yangepigwa polishi na kupakwa nta. Chumba kilihitaji msimamizi, mtu wa kushinda humo ndani, akiwa amesimama, mahali pakavu. Bosi alishasema mara mbili mbele ya watu, "Nani mwingine kama si Mama Pamba?" Jumatatu ndiyo angetangaza rasmi. Nyumbani mumewe alishashona koti jeupe la kazi, na usiku alimkuta mkewe amelitundika ukutani analitazama. Magoti yake yalikuwa yanangoja Jumatatu kama mgonjwa anavyongoja zamu yake kwa daktari.

Ilibaki Jumamosi moja katikati.

Yadi ilikuwa na utaratibu wake wa kupokea gari. Kulikuwa na karatasi yenye mchoro wa gari, juu na ubavuni, na fundi alilizunguka gari pamoja na mwenyewe, akiweka alama ya kalamu kila palipo na mkwaruzo au tundu la kokoto, kisha mwenye gari anatia sahihi. Hivyo hakuna wa kusema baadaye kwamba yadi imemharibia. Mama Pamba ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kwa karatasi ile. Lakini kwa Kapteni ilikoma miaka sita nyuma. Siku hiyo Kapteni alimnyang'anya kalamu kwa utani, akamrudishia mfukoni, akasema, "Mimi na wewe bado tunaandikiana, mama?" Mama Pamba alikwenda nyumbani na maneno hayo kama zawadi. Tangu hapo hawakuandikiana, na kumwambia leo "tia sahihi hapa" kungekuwa sawa na kumwambia sikuamini.

Jumamosi ile gari lilichelewa. Lilifika karibu saa sita, na Kapteni hakusimama kama kawaida yake kusimulia kona. Alimrushia Redio ufunguo, akaingia kwenye gari la mwenzake lililokuwa linamngoja barabarani, akapaza sauti dirishani, "Saa tisa nakuja kulichukua! Kesho tuna maonyesho ya klabu, lazima ling'ae!"

Mama Pamba alilizunguka. Bampa ilikuwa imejaa wadudu. Vioo vya pembeni vimejaa, kioo cha mbele kimejaa hadi juu. Boneti haikuwa na mdudu hata mmoja, ila vumbi jepesi.

Alisimama. Boneti iko kati ya bampa na kioo. Mdudu hawezi kuiruka. Akafikiri labda mvua ilinyesha mlimani, lakini matairi yalikuwa makavu na hakukuwa na michirizi ya tope popote. Kwenye mpenyo kati ya boneti na kioo aliona uzi mweupe wa pamba umenasa. Akauchomoa kwa kucha, akaupuliza ukaenda zake. Mkono wa kushoto ulikuwa unapima joto, kichwa kilikuwa kinahesabu saa zilizobaki. Aliyaona yote yale, na hakuyaunganisha.

Akasubiri gari lipoe, akaliosha kama anavyoosha siku zote. Povu, maji, povu tena. Juu kuja chini. Wadudu kwa kitambaa cha maji, lami kwa dawa yake na pamba, rimu mwisho. Bosi alikuja akasema, "Lipeleke chumba cha taa ulikaushie humo, chumba kimzoee mwenyewe." Ni kauli iliyomfurahisha. Akaliingiza mwenyewe taratibu, akafunga milango, akawasha taa.

Akasogea karibu na boneti.

Boneti ilikuwa na michirizi. Si ile ya utando wa buibui ambayo kila gari la mjini linayo. Hii ilikuwa mipya, mikali, imepinda kama upinde, mmoja ndani ya mwingine, na miwili kati yake ilikuwa na kina hata ukucha uliweza kuihisi.

Jambo la kwanza alijishuku mwenyewe. Alitoka, akaigeuza glavu ndani nje, akaipapasa unyoya kwa unyoya. Hakuna kitu. Akamwaga ndoo zote mbili polepole, akatia vidole kwenye nyavu. Mchanga ulikuwepo chini ya wavu, ulipostahili kuwa. Akarudi ndani, akainama hadi shavu likakaribia rangi. Na sasa, kwa utulivu, akaisoma.

Pinde zote zilianzia upande wa dereva na kwenda mbele. Aliyezichora alisimama penye mlango wa dereva, akanyoosha mkono wa kulia na kufuta kwa nguvu, kwenda na kurudi, kitambaa kikiwa kikavu na rangi ikiwa moto, wadudu na vumbi vikisagwa chini yake. Na pinde zilifika hadi katikati ya boneti na kupita. Mama Pamba alisimama penye mlango wa dereva, akanyoosha mkono. Vidole vyake viliishia shibiri mbili kabla. Yeye ili kuosha katikati ya boneti lazima asimame mbele, na akisimama mbele mkono wake unakwenda kushoto na kulia. Uzi ule mweupe ukamrudia akilini. Kitambaa cha mfukoni. Kapteni hutembea na leso nyeupe, hujifutia jasho akitoka kwenye kiti.

Redio alichungulia. Alipoona, hata yeye alinyamaza, jambo lililotokea mara chache.

"Shangazi. Nani kafanya hivi?"

"Mwenyewe."

"Kapteni? Si ndiye anayewahubiria wenzake kila siku? 'Msiguse gari kavu, msiguse gari lenye moto'..."

"Huko juu huwa wanapiga picha. Atakuwa aliona wadudu kwenye boneti, wenzake wamekwishajipanga, akatoa leso."

"Mwambie bosi sasa hivi. Kabla hawajafika."

Mama Pamba alitikisa kichwa. "Nitamwambia Kapteni kwanza, pembeni. Mtu mzima yule. Nimwaibishe mbele ya watu kwa ajili ya leso?"

"Shangazi, hapa hatuchezi kombolela. Mwambie bosi."

"Nimesema nitamwambia pembeni."

Alikuwa na hakika, na hili ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote, kwamba Kapteni atacheka. Aliisikia kabisa sauti yake: mama, umenikamata tena.

Lakini Kapteni alifika kabla ya saa tisa, na hakuja peke yake. Alikuja na wanaklabu wawili, mmoja daktari wa meno mstaafu na mwingine mwenye duka la vipuri, na bosi aliwatangulia kuwaonyesha chumba kipya. Milango ikafunguliwa yote miwili. Gari lilikuwa katikati, chini ya taa, na hakukuwa na mahali pembeni pa kumvutia mtu.

Daktari wa meno ndiye aliyeona. Aliinama, kazi yake ilikuwa kuona matundu madogo. "Kapteni! Nani amelichana gari lako?"

Kapteni alisogea. Mama Pamba alikuwa anamtazama usoni, na aliuona uso ule ukielewa. Macho yalikwenda kwenye pinde, yakafuata moja kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha yakashuka kwa nukta tu kwenye mkono wa kulia wa mwenyewe. Vidole vikakunjwa.

"Sijui," alisema Kapteni. "Asubuhi lilikuwa zima."

"Aa, hii ni ya kuoshea," mwenye duka la vipuri alisema. "Kitambaa kimeanguka chini, mtu akakiokota akaendelea."

Bosi aligeuka. "Mama?"

Mama Pamba alimsogelea Kapteni. Bado aliamini angemfungulia mlango, na Kapteni angepita mwenyewe. "Kapteni," alisema taratibu, "huko juu, mlipopiga picha... hukulifuta kidogo?"

"Mimi?" Kapteni aliwageukia wenzake, akatoa kicheko kifupi. "Mimi niliyewafundisha hawa?"

Wale wawili wakacheka naye. "Huyu mwaka jana alinigombeza kwa kugusa gari langu mwenyewe!" daktari wa meno alisema.

"Karatasi ya mapokezi iko wapi?" bosi aliuliza.

Bosi alijua haipo, yadi nzima ilijua haipo. Kapteni alitazama taa za darini kama mtu anayezihesabu.

"Mama," Kapteni alisema kwa upole, "sisemi umefanya makusudi."

Bosi aliwapeleka ofisini kunywa maji baridi, akarudi peke yake baada ya dakika kumi. Safari hii Mama Pamba hakungoja kuulizwa. Alimshika bosi mkono wa shati, jambo ambalo hakuwahi kufanya, akamsimamisha penye mlango wa dereva. "Tazama. Imeanzia hapa. Imefika pale. Sasa nitazame mimi." Akanyoosha mkono hadi bega likalia. "Sifiki, bosi. Hata ungenivuta. Aliyefuta ni mrefu, na alifuta kikavu."

Bosi alitazama. Alikulia katika yadi ile, alijua kusoma rangi tangu akiwa na kaptula. Alinyoosha mkono wake mwenyewe, akaona ulipofika.

"Nimeona," alisema mwishowe.

"Basi."

"Basi nini, mama? Nitoke nikamwambie Kapteni muongo mbele ya klabu yake? Magari kumi na moja yanaletwa hapa kwa neno lake. Hiki chumba nimekijenga kwa ajili ya magari hayo."

"Mimi sitaki umwambie muongo. Nataka tu nisiwe mimi."

Bosi alijipangusa uso. Hakuwa mtu mbaya, na Mama Pamba alimwona anavyotafuta njia isiyomgharimu mtu, kisha anavyokubali itakayomgharimu yeye Mama Pamba. "Sikiliza. Iondoe. Wewe ndiye unayeweza, mwingine atatoboa vanishi. Wakitoka mwombe Kapteni radhi, neno moja tu, yaishe. Mimi ninajua ukweli. Na Jumatatu iko palepale."

"Iko palepale?"

"Palepale."

Alibaki peke yake na gari. Redio alikuja akasimama mlangoni. "Usiifute, shangazi. Ukiifuta umefuta shahidi wako. Iache, aitwe fundi wa yadi nyingine, aangalie."

Mama Pamba alikuwa anajua hivyo kabla hajaambiwa. Kila kilichomtetea duniani kilikuwa kimeandikwa kwenye boneti ile, na yeye ndiye aliyekuwa ameshika kifutio. Lakini akiiacha, gari linakwenda maonyesho likiwa limechanika, na kila atakayeuliza ataambiwa lilioshwa wapi na nani. Na Jumatatu iko palepale, bosi amesema. Alifikiri juu ya sakafu ile kavu. Akafunga mito yake magotini kwa mazoea, kisha akakumbuka humu ndani haihitajiki, akaifungua.

Alibandika tepu ya karatasi kwenye kingo zote za boneti, maana kingoni ndipo vanishi ilipo nyembamba na mashine hula haraka. Akaanza na dawa laini kabisa, pedi laini kabisa, mzunguko wa chini. Alipiga kipande cha ukubwa wa sahani, akafuta, akamulika, akapiga tena. Kwa ile miwili yenye kina aliacha mashine, akatumia kidole, kitambaa kimezungushiwa, polepole, akigusa joto kwa mgongo wa mkono kila mara. Hakuiondoa kabisa, aliilainisha kingo zake mpaka mwanga ukapita juu yake bila kujikwaa. Fundi mwingine angeing'oa yote na kumwachia Kapteni boneti isiyobakiza vanishi ya miaka miwili. Ilimpita akilini, kwa muda wa kuvuta pumzi, kwamba angeweza kufanya hivyo na hakuna ambaye angejua hadi jua liibabue. Mkono haukukubali. Ulikuwa na mazoea yake, haukumuuliza mwenyewe anajisikiaje.

Alipomaliza, boneti ilikuwa nzima. Aliitazama kutoka pande zote nne na hakuona upinde hata mmoja.

Walitoka ofisini watatu na bosi. Daktari wa meno aliinama tena, akainuka, akapiga mluzi. Kapteni alipitisha macho, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyeshusha mzigo.

Bosi alimtazama Mama Pamba.

"Kapteni," Mama Pamba alisema, "naomba radhi kwa yaliyotokea."

Aliyachagua maneno hayo muda wote alipokuwa anapiga polishi. Hayakusema nani. Alidhani yangepita katikati bila kumgusa yeye wala Kapteni.

Kapteni alimwekea mkono begani, mkono uleule. "Usijali, mama. Nimekusamehe. Binadamu tunakosea." Akawageukia wenzake. "Miaka tisa, mara moja tu. Na ameirekebisha mwenyewe. Wangapi wangekiri?"

"Muungwana wewe," mwenye duka la vipuri alimwambia Kapteni.

Jumatatu ile koti jeupe alilibeba ndani ya mfuko wa plastiki, ameukunja usionekane. Bosi alimwita ofisini kabla hajabadilisha viatu. Alizungumza akipanga kalamu mezani. Wanaklabu walikuwa wamempigia simu Jumapili baada ya maonyesho. Hawakuwa na ubaya, walisifu kazi. Lakini waliuliza, chumba kile kitasimamiwa na nani, na alipotaja jina, wakauliza kama ni yule mama wa mikwaruzo.

"Ungewaambia," Mama Pamba alisema. "Ulisema unajua ukweli."

"Ninaujua. Lakini ulikiri mbele yao, mama. Uliomba radhi. Sasa nikisema haikuwa wewe, wataniuliza radhi ilikuwa ya nini."

Alimtazama. Alikuwa na mengi, na lililotoka ni dogo. "Uliniambia wewe niombe."

"Nilikwambia," bosi alisema, na kalamu akazipanga upya. "Kuna kijana anakuja Alhamisi, amesomea. Utamsaidia kuzoea. Na Kapteni amesisitiza usiguswe. Alisema kabisa, yule mama asifukuzwe. Amekutetea sana."

Jioni mumewe aliuona mfuko umerudi na kilichomo. Akamuuliza. Alimsimulia yote, tangu uzi mweupe. Mume alisikiliza, sindano mdomoni, kisha akaitoa. "Mwenzangu, si ungempigia kelele palepale? Mbele ya hao rafiki zake?"

"Nilikuwa namsitiri."

"Na yeye?"

Mama Pamba alizima taa. Alilala akiwa ameyakunja magoti, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile alitamani Jumamosi isifike.

Ikafika. Mngurumo ulisikika saa nne unusu. Redio hakusema kitu kuhusu mgeni wa mtu. Kapteni alijivuta kutoka kwenye kiti, mwekundu wa jua, mchangamfu, akamkuta Mama Pamba amechuchumaa kwenye tairi la gari la mkate, lililojaa tope hadi kwenye milango.

"Mama! Tumepata nafasi ya pili kwenye maonyesho, wameisifu boneti peke yake." Alitazama huku na huku. "Mbona uko huku majini? Nilidhani kile chumba wamekupa wewe."

"Walibadilisha."

"Walibadilisha?" Kapteni alikunja uso kwa mshangao wa kweli kabisa, mshangao ambao Mama Pamba aliutafuta uongo ndani yake na hakuukuta. Katika siku saba mtu yule alikuwa ameshajisamehe na kusahau kwamba kulikuwa na cha kusamehewa. "Hapana, hiyo si haki. Wewe na miaka yako yote hiyo. Ngoja nizungumze na bosi."

"Ulishazungumza, Kapteni."

Hakuinua sauti. Redio, hatua mbili kutoka pale, alifunga bomba. Kapteni alibaki na ufunguo ameunyoosha hewani, kama kila Jumamosi, aupokee. Mdomo ulifunguka kidogo. Macho yakaanza kushuka kuelekea mkono wake wa kulia, yakakatishwa njiani.

"Gari lako lina fundi wake sasa," Mama Pamba alisema. "Yuko ndani, amevaa jeupe. Mwambie asubiri lipoe."

Akageukia gari la mkate. Tope lilikuwa limekaukia kwenye rimu, gumu kama kigae. Alilimwagia maji, akangoja, akaanza kulikwangua kwa kidole gumba.